Kutoka "hatuna pesa" hadi randi milioni 14: tamthilia za Mbongeni Ngema wa Durban

Mbongeni Ngema (1955–2023) alikuwa mtunzi wa tamthilia, mwanamuziki, mwigizaji na mwongozaji wa jukwaa kutoka jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Kwa wasomaji wengi wa huku Ghuba huenda jina lake ni geni, lakini kazi yake si ngeni. Ndiye aliyetunga Sarafina!, mchezo uliozaa ile filamu ya watoto wa shule wa Soweto ambayo wengi wetu tuliitazama kwa kanda za video katika miaka ya 1990, watoto wakiimba nyimbo zake bila kujua Kizulu hata neno moja. Filamu hiyo ni tawi tu. Shina ni tamthilia na michezo ya nyimbo aliyoitunga kwa zaidi ya miaka thelathini, na humo mna kazi mbili tatu ambazo kwa maoni yangu zinaizidi Sarafina! kwa mbali.

Makala haya yanazipitia kazi hizo kwa kufuata uzi mmoja, nao ni pesa. Ngema alitunga vizuri kuliko wakati wowote alipokuwa hana kitu jukwaani isipokuwa mwili na sauti. Alipokuja kupewa kila kitu, ndipo mambo yalipomharibikia.

Mahali penyewe

Ukitoka bandari ya Durban kuelekea magharibi, mwendo wa kilomita 16 hivi, unafika Pinetown, mji wa viwanda uliopo kwenye njia ya kupandia milimani. Kati ya Durban na Pinetown kuna Cato Manor, mtaa ambao Wahindi na Waafrika waliishi pamoja hadi serikali ya ubaguzi ilipowahamisha. Upande wa Pinetown kuna Mariannhill, nyumba ya watawa wa Kitrapisti iliyoanzishwa mwaka 1882 na Padre Franz Pfanner, pamoja na shule yake. Wazee wa Usambara hawatashangaa kulisikia jina hilo, kwa kuwa mwaka 1897 watawa wa Mariannhill walifika Gare wakafungua misheni huko. Ukiipita Pinetown ukazidi kupanda, unakuta Hammarsdale. Kusini mwa Durban kuna Lamontville na Umlazi. Kaskazini kuna KwaMashu, kisha Verulam.

Ngema alizaliwa Verulam, na asili ya ukoo wake ni eNhlwathi, karibu na Hlabisa, ndani ya nchi ya Wazulu. Hakuwa mtu wa Pinetown, lakini majina ya njia hii yanarudi tena na tena katika habari za michezo yake, kwa hiyo ni vizuri msomaji awe nayo kichwani.

Hakusomea uigizaji chuoni. Alikuwa mpiga gitaa, akaingia kwenye michezo ya kuigiza kwa mlango wa muziki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Johannesburg akajiunga na kundi la Gibson Kente. Huyu Kente anahitaji maneno machache, maana bila yeye Ngema haeleweki. Tangu miaka ya 1960 alikuwa akizunguka mitaa ya Waafrika na michezo yake ya nyimbo, akiionyesha katika kumbi za makanisa na za jumuiya, mahali ambapo hapakuwa na taa za jukwaa wala mapazia ya maana. Mwigizaji wa Kente ilimbidi aimbe kwa nguvu, acheze kwa nguvu na alie kwa nguvu, ili hata aliyekaa nyuma kabisa karibu na mlango apate thamani ya kiingilio chake. Waliozoea vikundi vya taarabu na maigizo vilivyokuwa vikizunguka pwani yetu wataijua hali hiyo mara moja.

Katika mchezo wa Kente uitwao Mama and the Load, Ngema alikutana na mwigizaji mwenzake, Percy Mtwa. Wawili hao walikuwa wakizungumza ndani ya basi la safari: je, Yesu akirudi duniani leo, akashukia Afrika Kusini, itakuwaje? Wakati huohuo walikuwa wakisoma vitabu vya watu wa jukwaa wa Ulaya, Peter Brook na yule Mpolandi Jerzy Grotowski, ambaye alifundisha kwamba tamthilia inaweza kuvuliwa mavazi, mapambo na mitambo yote, akabaki mwigizaji na mtazamaji. Grotowski aliuita huo ukumbi wa kimaskini. Vijana wawili wa mitaani, wasio na senti, walisoma hayo wakaona kwamba umaskini wao ni mtaji.

Woza Albert!

Waliondoka kwa Kente, wakafanya mazoezi wenyewe, kisha wakaupeleka mchezo kwa Barney Simon, mmoja wa waasisi wa ukumbi wa Market Theatre wa Johannesburg, ambaye aliusuka pamoja nao. Ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981.

Waigizaji ni wawili tu. Vyombo vyao ni makasha mawili, nguo chache zilizotundikwa, na nusu ya kimpira cha plastiki kilichofungwa kwa uzi. Mwigizaji akikivaa puani amekuwa Mzungu: polisi, meneja au askari wa gereza. Akikivua, amerudi kuwa mwananchi. Kwa saa moja na nusu hivi wanakuwa watu kadhaa wa kadhaa: kinyozi wa barabarani, mtoto mchuuzi, mama anayepekua pipa la taka, wafyatuaji wa matofali, mzee anayehangaika kutunga uzi kwenye sindano. Hata ndege na treni ni wao wenyewe, kwa midomo na mabega yao.

Hadithi inakwenda hivi. Morena, neno la Kisotho lenye maana ya Bwana, anashuka kwa ndege kubwa Johannesburg. Mwanzoni serikali inafurahi: ikiwa Yesu amechagua kuja hapa, basi siasa yetu ni sawa mbele ya Mungu. Redio na magazeti wanawauliza watu wa chini, na kila mmoja anamwomba lake: kazi, kitoweo, kinyozi anataka duka lenye kiti cha kuzunguka. Lakini Morena anakwenda kukaa na hao wa chini, naye anaona vitambulisho vyao vya kutembelea na mabweni yanayowatenga na wake zao. Serikali inamkamata, inamfunga, inampeleka hadi kisiwa cha Robben. Anapotembea juu ya maji, wanampiga kwa mabomu, na mji wa Cape Town unaangamia. Siku ya tatu anatokea makaburini, na mchimba kaburi mmoja Mzulu anamwomba awafufue wanaostahili.

Hapo ndipo jina la mchezo linapopata maana. Woza ni Kizulu, yaani njoo, au inuka uje. Albert ni Chifu Albert Luthuli wa Groutville, kaskazini ya Durban, rais wa ANC aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 1960 na kufariki 1967 akiwa chini ya amri ya kutotoka eneo lake. Pamoja naye wanaitwa wengine: Lilian Ngoyi, Robert Sobukwe, Steve Biko. Biko alikuwa amesoma St Francis College, ile shule ya Mariannhill hapo Pinetown, kabla ya kuingia chuo cha udaktari cha Durban. Aliuawa mikononi mwa polisi Septemba 1977, akiwa na miaka 30. Ukumbi ulioyasikia majina haya mwaka 1981 ulikuwa umejaa watu ambao baadhi yao walihudhuria mazishi yenyewe.

Mchezo ulikwenda Edinburgh mwaka 1982 ukapata tuzo, kisha ukazunguka Ulaya na Marekani, na maandishi yake yalichapwa London mwaka 1983. Naona kwamba hii ndiyo kazi bora ya Ngema, ijapokuwa si yake peke yake. Ucheshi wake ni wa watu wenye njaa, na hautafuti huruma ya mtazamaji. Mwenye kutaka kuulinganisha na kazi za kwetu anaweza kufikiria Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapwa 1969, ambayo nayo inauliza watu wafanye nini na imani waliyopewa na kiongozi anayesema kwa jina la mamlaka ya juu. Hussein anauliza kwa huzuni. Hawa wawili wanauliza kwa kicheko.

Asinamali!

Baada ya hapo Ngema alirudi nyumbani Natal, akaunda kundi lake aliloliita Committed Artists, na kutunga peke yake.

Mwaka 1983 bodi ya serikali iliyosimamia mitaa ya Waafrika Durban ilitangaza kupandisha kodi za nyumba. Watu wa Lamontville walikataa. Kiongozi wao alikuwa Msizi Harrison Dube, diwani wa mtaa huo, na kilio chao kilikuwa neno moja: Asinamali! Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa. Mali ni mali ileile, na kiambishi cha kukanusha kinakaa mwanzoni kama cha kwetu. Wao wanasema asinamali, sisi twasema hatuna mali, hatuna pesa. Dube alipigwa risasi akafa Aprili 1983, na ghasia zikaenea mitaa mingine.

Ngema alilichukua neno hilo akalifanya jina la mchezo, uliofika jukwaani mwaka 1985. Wanaume watano, vichwa vimenyolewa, wamevaa sare za gereza, na viti vitano. Wamo ndani ya selo moja, na kila mmoja anasimulia kilichomfikisha humo. Si wote ni mashujaa. Yumo aliyefungwa kwa sababu ya harakati, lakini wamo pia waliofikishwa humo na mambo madogo ya mtaani, wivu, wizi, au sheria za vibali ambazo mtu hakuweza kuishi siku moja bila kuzivunja. Ngema hawatengi. Kwake yeye, mwenye siasa na mwizi wa mfukoni wamefika kwenye kiti kilekile kwa sababu ya hali ileile, na wanaimba kwa pamoja. Uimbaji wenyewe ni wa sauti tupu bila chombo, ule uliozaliwa katika mabweni ya wafanyakazi wa Kizulu, nao umepangwa kwa nidhamu kama gwaride.

Kuuonyesha mchezo huu Natal lilikuwa jambo la hatari. Miaka hiyo jimbo lilikuwa linaingia katika vita vya ndani baina ya wafuasi wa UDF na wa Inkatha. Katika onyesho moja huko Hammarsdale, kundi kubwa la wanaume wenye silaha lilivamia, waigizaji wakanusurika, na mwandalizi wa onyesho akauawa. Haya ni mambo ya kukumbukwa pale mtu anaposema kwamba michezo ya kuigiza ni burudani tu. Nasi Afrika Mashariki tuna kumbukumbu inayokaribiana na hiyo: mwaka 1977 serikali ya Kenya ilizuia mchezo wa Kikuyu wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii uliokuwa ukichezwa na wanakijiji wa Kamiriithu, na mwisho wa mwaka huohuo wa Thiong'o akawekwa kizuizini.

Asinamali! ulikwenda New York mwaka 1986, na mwaka uliofuata ukafika Broadway. Ngema aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony kwa uongozaji wake.

Sarafina!

Wakati huo Ngema tayari alikuwa akifikiria jambo kubwa zaidi. Asili yake, kama alivyokuwa akieleza, ni mazungumzo na Winnie Mandela juu ya watoto: jinsi gani watoto wa mitaani walivyokuwa mbele ya wazazi wao katika mapambano, na nani ataisimulia habari yao. Alikusanya vijana, wengi kutoka mitaa ya Durban, akawafundisha kuimba na kucheza mwenyewe. Miongoni mwao alikuwa msichana wa KwaMashu, Leleti Khumalo, ambaye ndiye aliyekuwa Sarafina wa jukwaani na baadaye wa filamu. Baadaye walioana, na ndoa yao ilivunjika mwaka 2005. Muziki aliutunga pamoja na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta aliyekuwa uhamishoni.

Mchezo ulianza Market Theatre mwaka 1987. Mahali ni darasa la shule ya sekondari ya Morris Isaacson, Soweto, shule ambayo kweli ilikuwa kitovu cha maandamano ya tarehe 16 Juni 1976, watoto walipokataa kufundishwa kwa lugha ya Makaburu na polisi wakawafyatulia risasi. Wanafunzi wanatayarisha onyesho la shule juu ya siku Mandela atakapotoka gerezani, na Sarafina ndiye anayemwigiza Mandela. Ikumbukwe kwamba mwaka 1987 Mandela alikuwa bado kifungoni na hakuna aliyejua atatoka lini. Watoto walikuwa wakiigiza jambo ambalo halijatokea. Miaka mitatu baadaye, Februari 1990, likatokea, na mchezo ulikuwa bado unaendelea kuonyeshwa New York.

Kwa kuwa ulidumu huko muda mrefu. Ulianzia ukumbi wa Lincoln Center, ukahamia ukumbi wa Cort pale Broadway Januari 1988, ukaonyeshwa mara 597 hadi Julai 1990. Ulipata uteuzi wa tuzo tano za Tony, ingawa haukushinda hata moja.

Wapo wahakiki waliosema kwamba hadithi yake ni nyembamba, kwamba ni nyimbo zilizoshonwa pamoja. Wanasema kweli, lakini ni nyimbo za namna gani! Mbaqanga, muziki wa mitaani wa gitaa na tarumbeta, unakutana na sauti za kwaya ya kanisani, na vijana wanacheza kama kwamba sakafu inawaka. Filamu ya mwaka 1992, iliyoongozwa na Darrell Roodt, iliiongezea hadithi nyama. Whoopi Goldberg alikuwa mwalimu, Miriam Makeba alikuwa mama yake Sarafina, na Ngema mwenyewe akacheza Sabela, yule askari Mwafrika anayechukiwa na mtaa mzima. Kupanga sauti za kwaya kukawa sehemu ya sifa yake huko Marekani, hata alishiriki katika kwaya za filamu ya The Lion King ya mwaka 1994.

Michezo miwili ya miaka hiyo haikupata umaarufu uliostahili. Township Fever (1990) unatokana na mgomo wa wafanyakazi wa reli wa 1987, ambapo wafanyakazi waliokataa kugoma waliuawa na wenzao wakahukumiwa kwa mauaji hayo. Humo Ngema alithubutu kuuliza swali lisilopendeza: mtu mwema anafikaje mahali pa kuua jirani yake kwa jina la umoja? Magic at 4 A.M. (1993) ni mchezo wa heshima kwa Muhammad Ali, na jina lake linatokana na saa kumi za alfajiri, wakati wachimba migodi walipoamka kusikiliza mapigano yake redioni. Nadhani wengi wa rika langu, popote walipokuwa, wanajua kuamka kwa namna hiyo.

Milioni 14

Tukija mwaka 1995, serikali mpya ilikuwa madarakani na Ukimwi ulikuwa unaenea kwa kasi, KwaZulu-Natal ikiwa imeathirika kuliko majimbo mengine. Wizara ya Afya, chini ya waziri Nkosazana Dlamini-Zuma, iliamua kutumia mchezo wa nyimbo kuwafundisha vijana. Kazi alipewa Ngema. Mchezo uliitwa Sarafina II, na mkataba ulikuwa wa randi milioni 14.27.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Watu wengi wasiosoma vipeperushi wangekaa kutazama mchezo. Lakini mtu aliyewahi kushika daftari la malipo ofisini akisoma habari za mkataba huo anajua mara moja wapi pa kuweka kidole. Fedha zilisemwa ni za Umoja wa Ulaya, na Umoja wa Ulaya ukasema haukuidhinisha matumizi hayo. Utaratibu wa zabuni haukufuatwa inavyopasa. Mchezo ulipofunguliwa Durban tarehe 1 Desemba 1995, Siku ya Ukimwi Duniani, mashirika yaliyokuwa yakishughulikia ugonjwa huo yalilalamika kwamba ujumbe umefichwa chini ya ngoma na vichekesho, na kwamba kwa fedha hizo zingefanyika kazi nyingi za kinga. Selby Baqwa, Mlinzi wa Umma, alichunguza akatoa ripoti mwaka 1996 yenye kulaumu jinsi wizara ilivyoliendesha jambo, na mkataba ukavunjwa. Ilikuwa kashfa kubwa ya kwanza ya fedha ya serikali ya Mandela.

Ni haki kusema kwamba makosa ya zabuni ni ya ofisi iliyoitoa, si ya mtunzi aliyeandika bei yake. Ngema alisema hivyo, na katika hilo simpingi. Ninachosema ni cha jukwaani. Mtu aliyeigiza ndege kwa mdomo wake, na kuwafanya watu wamwone Mzungu kwa nusu ya kimpira, safari hii alikuwa na kila kifaa cha kununuliwa, na mchezo uliotoka haukumbukwi kwa wimbo wala kwa mhusika. Unakumbukwa kwa bei yake.

Wimbo uliozuiwa

Kuna jambo jingine ambalo haliwezi kuachwa, nalo si tamthilia bali wimbo. Mwaka 2002 Ngema alitoa wimbo wa Kizulu uitwao AmaNdiya, yaani Wahindi, uliowashutumu Wahindi wa Durban kwa kuwadharau na kuwanyonya Waafrika na kuita watu mashujaa wajitokeze kuwakabili. Tume ya malalamiko ya utangazaji iliamua kwamba ni maneno ya chuki, redio zikakatazwa kuupiga. Mandela alimtaka aombe radhi. Yeye alijitetea kwamba alitaka kufungua mazungumzo.

Katika mji mwingine labda utetezi huo ungesikilizwa. Durban ina kumbukumbu yake. Januari 1949 ugomvi mdogo mjini uligeuka kuwa mauaji baina ya Waafrika na Wahindi. Cato Manor ikaungua, na idadi rasmi ya waliokufa ikawa 142. Mtunzi mwingine wa tamthilia, Ronnie Govender (1934–2021), mzaliwa wa Cato Manor, aliandika mchezo mzima uitwao 1949 juu ya siku hizo. Kwa maoni yangu Ngema, aliyejua vyema nguvu ya wimbo wa pamoja, hakuwa na udhuru wa kutojua wimbo kama huo ungeweza kufanya nini Durban.

Wasomaji wa hapa wana sababu yao ya kulitazama jambo hili kwa karibu. Kati ya mwaka 1873 na 1880 watu wapatao 500, wengi wao Wamakua, waliookolewa na meli za Kiingereza kutoka majahazi ya watumwa, walipelekwa Natal kutoka Zanzibar kufanya kazi za mkataba. Waislamu miongoni mwao walikaa Kings Rest, penye kilima cha Bluff mbele ya bandari ya Durban, kwenye ardhi iliyonunuliwa na wadhamini Waislamu wenye asili ya Kihindi. Waliitwa, na wanaitwa hadi leo, Wazanzibari. Serikali ya ubaguzi haikujua iwaweke wapi: ngozi yao ya Kiafrika, dini yao ya Kiislamu. Mwishowe iliwaandika kuwa Waasia wa aina nyingine na kuwahamishia Chatsworth, mtaa wa Wahindi. Watu hawa ni Waafrika waliosaidiwa na Wahindi, wakaandikwa pamoja nao, wakaishi nao. Ukiugawa mji wa Durban katika makundi mawili kama wimbo ule ulivyofanya, Wazanzibari hawana mahali pa kusimama. Wangefaa tamthilia yao wenyewe.

Miaka ya mwisho

Ngema hakuacha kufanya kazi. Alirudi kwenye historia ya watu wake kwa The Zulu, mchezo ambao alisimulia vita vya Wazulu na Waingereza vya 1879, akitumia mapokeo aliyoyapata kwa wazee wa ukoo. Mwaka 2009 alionyesha Lion of the East, juu ya Gert Sibande, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba ya Bethal, na ule mgomo wa mwaka 1959 ambapo watu walikataa kununua viazi kwa sababu ya mateso ya waliovilima. Sarafina! uliendelea kurudi jukwaani, na kila mara kumbi zilijaa watazamaji ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1976.

Tarehe 27 Desemba 2023 alikuwa abiria katika gari akirudi kutoka mazishini Lusikisiki, jimbo la Eastern Cape. Gari hilo liligongana na jingine uso kwa uso karibu na Mbizana, akafariki papo hapo. Alikuwa na miaka 68.

Kwa familia itakayotaka kuzijua kazi hizi, filamu ya Sarafina! inapatikana kwa urahisi, ila ina picha za mateso na mauaji zisizofaa watoto wadogo. Woza Albert! hupatikana kama kitabu, na vikundi vidogo vya waigizaji huuchagua mara kwa mara kwa sababu hauhitaji chochote cha kununua. Msomaji Mwislamu ajue kabla ya kuufungua kwamba mada yake ni kurudi kwa Nabii Isa na kwamba Morena huigizwa na mtu, jambo ambalo baadhi ya nyumba hazitalipenda. Asinamali! umo katika mkusanyo wa tamthilia za Afrika Kusini ulioandaliwa na Duma Ndlovu, uliotoka mwaka 1986 kwa jina la Woza Afrika! Hapo wahusika ni watano na viti ni vitano, na mchezo wote unaweza kuonyeshwa sebuleni.